Machicha, chekeche na kizingiti: asili ya maneno ya kitabibu ya haja kubwa na haja ndogo

Swali limetoka kwa msomaji wa Kisumu, mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza: “Vitabuni nakutana na defecation, excretion, egestion, elimination na micturition. Darasani tunayatumia kama kitu kimoja, lakini kwenye mtihani ukiyachanganya unapoteza alama. Yametoka wapi, yanatofautiana vipi, na nikiwa wodini nimuulize mgonjwa kwa Kiswahili gani bila kumwaibisha?”

Nusu ya jibu iko kwenye kinyesi cha kuku. Kitazame asubuhi kabla ua haujafagiwa. Utaona donge la kahawia au jeusi, na juu yake utando mweupe kama chokaa mbichi. Donge ni mabaki ya chakula ambacho hakikumeng'enywa. Ule weupe ni asidi ya yuriki, yaani huo ndio mkojo wa kuku, kwa sababu ndege hamwagi mkojo wa majimaji kama sisi. Vyote viwili hupitia tundu moja linaloitwa cloaca, neno ambalo Warumi walilitumia kwa mtaro wa maji machafu. Mtaro mkuu wa Roma ya kale uliitwa Cloaca Maxima. Sasa shika tofauti hii: kutoka kwa donge ni egestion, kutoka kwa ule weupe ni excretion. Kuku amefanya mambo mawili kwa mkupuo mmoja. Wewe na mimi tunayafanya kwa njia mbili, na ndiyo maana tunasahau kwamba si kitu kimoja.

Egestion ni neno jepesi. Kilatini gerere ni kubeba, na e- mwanzoni ni nje. Egerere ni kubeba na kwenda kutupa nje. Chakula kiliingia mdomoni, kikapita kwenye bomba refu la utumbo, na kile kisichofyonzwa kikatolewa upande wa pili. Nyuzinyuzi za sukumawiki ulizokula jana hazikuwahi kuwa sehemu ya mwili wako. Zilipita tu. Kwa hiyo kuzitoa si kutoa taka iliyotengenezwa na mwili.

Excretion ndiyo yenye utajiri. Mzizi wake ni kitenzi cernere, na maana yake ya kwanza ilikuwa kuchekecha: kutenga unga na pumba, punje na makapi. Excernere ni kuchekecha na kutoa nje. Umbo lake la kutendwa ni excretus. Badilisha kiambishi uweke se-, chenye maana ya kando, upate secernere, kuchekecha na kuweka kando, ambako kumetoka secretion. Hapo ndipo swali la mtihani linapojibiwa bila kukariri: mate, homoni na vimeng'enya vimewekwa kando ili vitumike, hivyo ni secretion. Urea, kabonidioksidi na chumvi iliyozidi vimetolewa nje kwa sababu vikibaki vitadhuru, hivyo ni excretion. Wagiriki walikuwa na kitenzi cha ukoo huohuo, krinein, kutenga, nacho kimo ndani ya endocrine na exocrine, majina ya aina mbili za tezi. Ukiona “cri” au “cre” katika maneno haya, fikiria chekeche.

Tena chekeche linaifaa figo kuliko hao Warumi walivyoweza kujua. Kila siku figo mbili za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, kisha hurudisha zaidi ya asilimia 99. Kinachobaki ni lita moja hadi mbili za mkojo. Si bomba la kumwaga taka, ni kazi ya kuchekecha tena na tena mchana na usiku. Mapafu nayo hufanya excretion kila unapopumua nje, na ngozi kidogo kwa jasho. Utumbo mpana, kwa sehemu kubwa, haufanyi.

Nimesema kwa sehemu kubwa kwa makusudi, kwa kuwa hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza. Rangi ya kahawia ya kinyesi haitokani na chakula. Inatokana na stercobilin, neno lililoundwa kwa Kilatini stercus, samadi, na bilis, nyongo. Chembe nyekundu za damu zilizozeeka huvunjwa, rangi yake hugeuzwa kuwa bilirubini, ini huisukuma kwenye nyongo, nyongo huingia utumboni, na bakteria huibadilisha iwe ile kahawia. Kwa hiyo ndani ya kila kinyesi kuna excretion kidogo iliyopanda gari la egestion. Jambo hili lina maana kubwa kitandani kwa mgonjwa. Akikwambia choo chake kimekuwa cheupe kama udongo wa mfinyanzi, mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, na macho yana manjano, basi nyongo haifiki utumboni. Rangi imekosa njia yake ya kawaida na inapitia kwenye figo. Mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo.

Excrement limetokana na excernere hiyohiyo. Ukikuta maandishi ya Kiingereza cha kale, wakati wa Shakespeare, yakiita ndevu au nywele excrement, usishangae. Lile ni neno jingine lililofanana kwa sauti, kutoka excrescere, kukua kwenda nje.

Defecation sasa. Watu wa Kakamega na Bungoma wanaokamua busaa, pombe ya nafaka, watalielewa kabla hata hujamaliza kueleza. Busaa ikishachujwa hubaki machicha, yale mashapo mazito wanayopewa nguruwe na kuku. Warumi walikuwa na divai, na mashapo yaliyotuama chini ya mtungi wa divai waliyaita faex, kwa wingi faeces. Neno hilo lilikuwa la ghala la divai kabla halijawa la chooni. Defaecare ilikuwa kuondoa mashapo, kukisafisha kinywaji. Kiingereza kilipoliazima katika karne ya 16, “to defecate” ilimaanisha kutakasa, na maandishi ya zamani huzungumzia hata kuitakasa roho kwa neno hilihili. Maana ya kwenda haja kubwa ilikuja kushika katika karne ya 19.

Maana ya kale haijafa, na imebaki hai katika kazi ambayo watu wa Muhoroni, Chemelil na Mumias wanaijua vizuri. Katika kemia ya sukari, hatua ya kusafisha maji ya miwa yaliyokamuliwa huitwa defecation mpaka leo. Maji mabichi ya miwa yana uchachu, pH (kipimo cha uchachu) yapata 5 na kitu. Hutiwa maji ya chokaa hadi pH ipande kati ya 7 na 8, huchemshwa, kisha huachwa yatuame kwenye tangi kubwa. Chokaa hushikana na uchafu, hufanya mabonge, na mabonge huzama yakawa tope. Maji safi hukusanywa juu. Chokaa ikipungua, uchachu uliobaki huanza kuivunja sukari. Ikizidi, maji hugeuka rangi na sukari hutoka na weusi. Tope lenyewe huchujwa na mara nyingi hurudishwa shambani kuwa mbolea. Mtu akisoma hati ya kiwanda akakuta “defecation” asidhani ni kosa la mpigachapa. Ni maana ya Kirumi kamili: kuondoa mashapo.

Kumbuka pia kwamba faeces ni wingi daima. Hakuna “a faece”. Ukiandika ripoti sema “faeces were” au tumia “stool”, ambalo si la Kilatini bali ni neno la Kiingereza cha asili la kigoda, kile kiti cha kujisaidia chenye tundu.

Elimination lina limen ndani yake, kizingiti cha mlango. Eliminare ilikuwa kumtoa mtu nje ya kizingiti, kumfukuza nyumbani. Katika uuguzi limekuwa jina la paa kubwa linalofunika haja kubwa na haja ndogo pamoja. Ukiandika mpango wa huduma, kichwa cha “elimination” kinataka taarifa za vyote viwili. Lakini katika somo la dawa maana ni nyingine. Pale elimination ni dawa kuondoka katika damu kwa njia yoyote, ikiwemo ini kuivunja ikawa kitu kingine, hata kama hakuna hata tone lililotoka mwilini. Excretion ya dawa ni sehemu tu ya elimination yake. Swali hili hupenda kutokea katika mitihani, na mwenye kukumbuka kizingiti hujua kuuliza: kizingiti kipi, cha damu au cha mwili?

Upande wa mkojo, Kilatini kilikuwa na mingere, kukojoa, neno la wazi. Kutokana nalo likatengenezwa micturire. Tazama mwisho wake. Warumi walikuwa na umbo la kitenzi lenye maana ya kutaka kufanya jambo: edere ni kula, esurire ni kutaka kula, yaani kuona njaa, parere ni kuzaa, parturire ni kushikwa na uchungu. Kwa hiyo micturire kwa asili ni kubanwa na mkojo. Micturition ya leo inamaanisha tendo lenyewe, lakini asili yake inakusaidia kukumbuka fiziolojia, kwamba tendo huanza na hisia. Kibofu kikifika takriban mililita 150 hadi 250, kuta zake zilizotanuka hupeleka habari kwenye uti wa mgongo na ubongo, na mtu huanza kuhisi. Akiweza kungoja, hungoja. Aliyeumia uti wa mgongo huenda asihisi kabisa, na kibofu chake kikafurika bila yeye kujua.

Lenyewe urina ni la ukoo mmoja na Kigiriki ouron. Kilatini kilikuwa pia na urinari, na maana yake si kukojoa bali kupiga mbizi. Mpiga mbizi aliitwa urinator. Wataalamu wa lugha huyarudisha yote kwenye mzizi mkongwe wa maji. Ouron ndilo linalokaa mwishoni mwa oliguria (mkojo haba), anuria (kukosa mkojo), polyuria (mkojo mwingi) na dysuria (kukojoa kwa maumivu), na oliguria na polyuria zina tarakimu unazopaswa kuzijua kama jina lako. Mtu mzima anayetoa chini ya mililita 400 kwa saa 24 ana oliguria. Zaidi ya lita 3 ni polyuria. Kwa ufuatiliaji wa kila saa, kipimo ni angalau nusu mililita kwa kila kilo ya uzito. Mama wa kilo 60 anatakiwa atoe mililita 30 kwa saa. Usikadirie kwa macho kwenye beseni. Mimina kwenye jagi lenye alama, liweke mahali palipo sawa, inama mpaka jicho lilingane na usawa wa mkojo, usome.

Kosa kubwa hapa ni kuchanganya anuria na retention. Anuria maana yake figo hazitengenezi mkojo. Retention imetokana na retinere, kuzuilia: mkojo upo, njia imefungwa. Wagonjwa wote wawili watasema “sikojoi”. Weka mkono juu ya mfupa wa kinena. Kibofu kilichojaa kitakuwa kama mpira mgumu wenye maumivu, na ukigonga kwa vidole utasikia sauti nzito badala ya mlio wa ngoma. Katheta, mrija wa kutolea mkojo kwenye kibofu, ikipita salama kwa aliyezuiliwa, mkojo humwagika kwa wingi. Kwa mwenye anuria hutoka matone tu. Wa kwanza anahitaji njia ifunguliwe, wa pili anahitaji chanzo kitafutwe katika figo, damu au majimaji yake, na kumwongezea maji bila kujua ni yupi ni hatari.

Constipation, yaani kufunga choo, ni stipare, kushindilia. Stipare hiyohiyo, kwa kupitia Kihispania, ndiyo iliyowapa Waingereza neno “stevedore”, kuli wa kupakia meli, kwa sababu kazi yake ni kushindilia shehena isiache nafasi. Yafikirie magunia kwenye gati la Kisumu yakipangwa yabanane, ndivyo utumbo mpana unavyofanya. Kazi yake ni kufyonza maji; kinyesi kikikawia humo, maji huzidi kuondoka, hukauka, hubanana, na kadiri kinavyobanana ndivyo kinavyokawia zaidi. Kwa kipimo cha vitabu ni chini ya mara tatu kwa wiki, lakini mgonjwa akisema amefunga choo, mara nyingi anamaanisha kigumu na chenye kuuma hata kama anakwenda kila siku. Andika yote mawili, idadi na ugumu.

Diarrhoea si Kilatini, ni Kigiriki: kutiririka kupita katikati. Kiswahili kimefika palepale kwa njia yake: tumbo linaendesha. Shirika la Afya Duniani huhesabu mara tatu au zaidi za choo chepesi ndani ya saa 24. Mtoto anayenyonya tu na kutoa choo laini mara nyingi kwa siku hahari, hata kama bibi yake anasisitiza.

Rectum, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, ni “ulionyooka”. Jina hilo ni tafsiri ya Kilatini ya neno la Kigiriki alilolitumia Galen, tabibu wa karne ya 2 aliyepasua nyani na wanyama wengine. Kwa wanyama hao umenyooka. Kwa binadamu haukunyooka. Una urefu wa sentimita 12 hadi 15 na hufuata mpindo wa sakramu, mfupa wa mwisho wa mgongo juu ya kitokono. Anayeliamini jina anaposukuma bomba la enema, la kutia maji utumboni kupitia tundu la haja kubwa, moja kwa moja hugonga ukuta. Mlaze mgonjwa mtu mzima kwa ubavu wa kushoto, goti la kulia likiwa limekunjwa juu, kwa kuwa utumbo unaofuata uko kushoto na maji yatateremkia huko yenyewe. Paka ncha mafuta ya kulainisha, ielekeze kitovuni, ingiza sentimita 7 hadi 10. Ikikwama usilazimishe. Rudisha kidogo, achia maji machache, mwambie apumue kwa mdomo. Kopo lisipandishwe zaidi ya sentimita 45 juu ya mgonjwa. Likipanda, kasi ya maji huleta msokoto wa tumbo na mgonjwa hushindwa kuyazuia.

Sasa Kiswahili cha wodini. Lugha yetu ilipita njia zilezile za Kilatini. Haja ni neno la Kiarabu lenye maana ya hitaji, kama vile micturire ilivyokuwa hamu. Msala ni mkeka wa kuswalia na mahali pa kuswalia, na likawa jina la heshima la chooni. Warumi nao waliita choo latrina, kifupi cha lavatrina, mahali pa kuogea. Kunya ndicho kitenzi chetu cha asili cha Kibantu, na kikitajwa juu ya mvua hakuna anayeona haya: mvua inanya. Kikitajwa juu ya mtu ni matusi. Usikitumie, lakini mgonjwa mwenye maumivu akikitumia usimkunjie uso.

Neno la kuwa nalo makini ni choo. Ni nyumba ndogo, ni kinyesi chenyewe, na pia ni tendo. Ukimuuliza mzee “umeenda choo?” atajibu ndiyo kwa sababu alitembea hadi kule akakojoa, nawe utaandika kwamba amepata haja kubwa. Siku tatu baadaye tumbo limevimba na chati inasema mambo ni sawa. Uliza: “Mzee, haja kubwa mara ya mwisho ilikuwa lini? Ilikuwa ngumu au laini? Ilikuwa na rangi gani?” Kisha peke yake: “Na haja ndogo, inatoka vizuri? Inachoma?” Kabla ya kuuliza, vuta pazia na uwaombe waliokuja kumwona watoke kidogo. Mama hawezi kujibu maswali haya mkwe wake wa kiume akiwa amesimama hapo, na katika jamii nyingi za magharibi mwa Kenya hata kukaa naye karibu ni jambo lenye miiko. Utapata “niko sawa” ambayo si jibu.

Mgonjwa akisema choo ni cheusi, usikimbilie kuandika melaena. Neno hilo ni Kigiriki, “nyeusi”, lakini katika tiba maana yake ni damu iliyomeng'enywa kutoka tumboni au sehemu ya juu ya utumbo: hunata kama lami, hung'aa, na ina harufu kali isiyosahaulika. Mama mjamzito anayemeza vidonge vya madini ya chuma kutoka kliniki naye hutoa choo cheusi au cha kijani iliyokolea, lakini chenye umbo na kisichonata. Muulize kuhusu vidonge, kisha ukiangalie mwenyewe. Choo cha kwanza cha mtoto mchanga nacho hunata na huelekea weusi wa kijani. Hicho ni meconium, neno la Kigiriki la utomvu wa mpopi, na kinatakiwa kionekane ndani ya saa 24 kwa mtoto aliyetimiza miezi. Saa 48 zikipita bila hicho, huenda utumbo umeziba, na daktari lazima aarifiwe.

Kwenye chati andika kwanza maneno ya mgonjwa kama alivyoyasema, ndani ya alama za kunukuu, kisha neno la kitabibu. Na ukiandika PR, sema ni ipi. Kwa mmoja ni per rectum, kwa njia ya rectum. Kwa mwingine anayesoma chati hiyohiyo saa nane usiku ni pulse rate, mapigo ya moyo.